Kiwanda Kilichomo Udongoni: Jeni, Vimeng'enya na Bakteria wa Ruiru

Jina la Ruiru halihitaji kujulishwa kwa mkulima wa kahawa wa Othaya, Tetu au Mukurwe-ini. Ruiru 11, aina ya mbuni iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 kutoka kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko katika mji huo, imepandwa katika mashamba mengi ya miteremko ya Mlima Kenya na Nyandarua, na ni nadra kukutana na mzee wa Nyeri asiye na neno la kusema kuihusu. Huyu ataisifu kwa kustahimili chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha tunda lingali bichi. Yule atakuambia kwamba kikombe chake hakifui dafu mbele ya SL28. Jambo ambalo wengi wa wazee hao hawajaambiwa ni kwamba udongo wa shamba la kahawa karibu na Ruiru uliwahi kutoa zao jingine, lisilopimwa kwa debe wala kupelekwa mnadani. Ulitoa bakteria. Bakteria huyo alisafirishwa hadi Ulaya, akapewa nambari, akakuzwa katika mapipa ya chuma, na tangu mwaka 1990 dawa anayoitengeneza imekuwa ikiuzwa kwa wagonjwa wa kisukari.

Makala hii inadhamiria kueleza jinsi kiumbe mdogo kiasi hicho anavyotengeneza dawa: jeni zake zimepangwaje, vimeng'enya vyake hufanya kazi gani, na kwa nini anajisumbua. Tutaanza na viuavijasumu, kwa kuwa ndivyo vilivyowafungulia wanasayansi mlango wa udongo, kisha tutarudi Ruiru. Msomaji ana haki ya kuuliza mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anatafuta nini ardhini. Katika semina zetu hatuchoki kubishana iwapo Kiswahili kinaweza kusimulia sayansi za kina, na kwa maoni yangu ubishi huo utakatwa na atakayeketi akaisimulia. Zaidi ya hayo, kisa cha bakteria wa Ruiru kinaishia kwenye swali ambalo sisi wa fasihi tunalijua vyema, nalo ni swali la nani mwenye matini.

Neno kabla ya jambo

Istilahi tatu zinahitaji kuwekwa wazi. Jeni ni kipande cha mkufu mrefu wa DNA chenye maagizo ya kuunda protini fulani. Maagizo hayo yameandikwa kwa herufi nne tu za kikemia, ambazo wanasayansi huziita A, C, G na T. Neno jeni limekopwa na kuzoeleka, nalo halina tatizo.

Kimeng'enya lina tatizo dogo la kuvutia. Ni protini inayoharakisha badiliko la kikemia bila yenyewe kutumika. Waliolibuni neno hili walilitoa katika kitenzi kumeng'enya, yaani kuvunjavunja kitu kiwe vipande vidogo, bila shaka wakifikiria kazi ya mate na utumbo juu ya chakula. Kwa vimeng'enya vya tumboni jina limekaa pahali pake. Hata hivyo, vimeng'enya vingi tutakavyovitaja humu hufanya kinyume: huunganisha, huongeza, hufunga, hujenga. Istilahi imelishika tawi moja la maana na kuliacha jingine likining'inia. Sipendekezi neno jipya, maana tumekwisha kuwa na mengi yasiyotumika. Naomba tu msomaji akumbuke kwamba kimeng'enya kinaweza kuwa fundi mwashi sawasawa na kinavyoweza kuwa mvunja mawe.

Kiuavijasumu, ambacho madukani huitwa antibiotiki, ni dawa inayoua bakteria au kuwazuia kuongezeka. Sikio la msemaji husikia sumu ndani ya neno hilo, na papo hapo hudhani kwamba bakteria wote wako upande wa ugonjwa. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya viuavijasumu tunavyovitumia asili yake ni bakteria wenyewe, hususan wale wa jenasi iitwayo Streptomyces. Kiuavijasumu, basi, mara nyingi ni silaha ya kijasumu mmoja dhidi ya mwenziwe.

Harufu ya mvua

Kila aliyelelewa katika nyanda hizi anaifahamu harufu inayopanda wakati mvua ya kwanza ya Machi inapoupiga udongo mwekundu uliokauka tangu Januari. Washairi wengi wameihusisha na rutuba, na kumbe hawakuwa mbali na ukweli. Harufu hiyo hutokana kwa kiasi kikubwa na kemikali iitwayo jeosmini, ambayo pua ya binadamu huinusa hata ikiwa kiasi kidogo mno hewani. Watengenezaji wake wakuu ni Streptomyces. Kazi ya mwisho ya kuitengeneza hufanywa na kimeng'enya kimoja chenye pande mbili: upande wa kwanza huanza kuikunja molekuli, na upande wa pili huimaliza. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba harufu hiyo huwavutia wadudu wadogo wa udongoni wanaokula bakteria hao na kuondoka na spora zao mwilini, wakazipanda kwingine.

Streptomyces hawafanani na bakteria tunaochorewa vitabuni kama vijiti vifupi. Huota nyuzi zinazotambaa udongoni mithili ya kuvu, na hapo ndipo jina lao la Kigiriki lilipotoka, likiwa na maana ya kuvu iliyosokotwa. Chakula kinapopungua, nyuzi nyingine huinuka juu, hujikatakata, na kugeuka spora. Ni katika kipindi hicho cha njaa ambapo bakteria hawa huanza kumimina viuavijasumu. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba nyuzi za zamani hufa na kuwa chakula cha kizazi kipya, na karamu hiyo huwavutia majirani wasioalikwa. Sumu humwagwa ili kuwafukuza. Yapo pia maelezo mengine, kwamba kwa viwango vidogo kemikali hizi ni lugha ya mawasiliano kuliko silaha. Mimi naona yote mawili yanaweza kuwa kweli, kama vile neno lile lile linavyoweza kuwa salamu au tusi kwa kutegemea sauti.

Bakteria hujuaje kwamba wakati umewadia? Katika Streptomyces griseus, anayetengeneza streptomisini, kuna kemikali ndogo ambayo kila uzi huitoa kidogo kidogo. Wanasayansi wa Kisovieti waliieleza mwaka 1967. Inapofikia kiwango fulani, humshika mlinzi, yaani protini inayoikalia jeni na kuizuia isisomwe, na mlinzi huyo huachia. Jeni iliyokuwa imefungwa husomwa, nayo hutoa protini inayofungua jeni nyingine, hadi amri ifike kwenye jeni za streptomisini zenyewe.

Streptomisini yenyewe iligunduliwa mwaka 1943 na Albert Schatz, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamifu katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, Marekani. Ilikuwa dawa ya kwanza ya kiuavijasumu kufaulu dhidi ya kifua kikuu. Schatz alimshtaki profesa wake mwaka 1950 na akatambuliwa kuwa mgunduzi mwenza, lakini Tuzo ya Nobel ya mwaka 1952 ilikwenda kwa Waksman peke yake. Wanafunzi wenzangu wa uzamili wataielewa habari hii bila kufafanuliwa zaidi.

Mstari wa mafundi

Jambo lililowashangaza wataalamu walipoanza kuzisoma jeni hizi ni mpangilio wake. Jeni zinazohitajika kutengeneza kiuavijasumu kimoja kwa kawaida hazikutawanyika ovyo katika jenomu. Zimekaa pamoja, jirani kwa jirani, kama nyumba za ukoo mmoja katika ridge moja ya Nyeri. Katika mtaa huo huo mna jeni za kutengeneza dawa, jeni ya kuamuru kazi ianze, jeni ya kuitoa dawa nje ya seli, na jeni ya kumkinga mtengenezaji asidhurike.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa erithromisini. Bakteria wake alipatikana katika udongo wa Iloilo, Ufilipino, mwaka 1949, na jeni zake kuu zikasomwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kiini cha erithromisini ni pete kubwa ya atomi 14. Pete hiyo hujengwa na protini tatu kubwa ajabu, ambazo kwa pamoja zina vituo 6 vya kazi. Mtu aliyewahi kutazama mafundi wakipokezana karai za zege kutoka chini hadi ghorofani ataelewa haraka. Kipande cha kwanza chenye kaboni 3 hupakiwa mwanzoni mwa mstari. Kituo cha kwanza hukipokea, hukiongezea kipande kingine, hukirekebisha, na kukikabidhi kwa kituo cha pili. Cha pili hufanya vivyo hivyo, hadi cha sita. Mkufu uliokamilika, wenye vipande 7, hufikishwa kwa kimeng'enya cha mwisho ambacho huukata kutoka mstarini na papo hapo kuunganisha kichwa chake na mkia wake. Pete imepatikana. Baadaye vimeng'enya vingine huiongezea oksijeni na kuivisha sukari mbili, na bila sukari hizo dawa haiui kitu.

Katika mstari huu kila kituo kina vyumba vidogo ndani yake: kimoja cha kuchagua kipande, kimoja cha kukishikilia, kimoja cha kuunganisha, na pengine kingine cha kupunguza oksijeni. Kituo kisicho na chumba cha kupunguza oksijeni huiacha pale ilipo. Kwa hiyo anayesoma orodha ya vyumba kwenye jeni anaweza kubashiri umbo la molekuli kabla hajaiona. Jeni hizo zinafuatana katika DNA kwa utaratibu uleule ambao vituo hufuatana kazini. Mtu wa arudhi hawezi kukosa kufurahia jambo hili: vina na mizani vimekwisha kuamuliwa katika mpangilio, na shairi likafuata.

Vipo viuavijasumu vinavyojengwa kwa njia nyingine kabisa, kwa mfano streptomisini, ambayo ni sukari zilizogeuzwa na kushonwa pamoja. Njia hiyo ya sukari ndiyo tutakayokutana nayo Ruiru.

Mwaka 2002 jenomu ya Streptomyces coelicolor ilichapishwa nchini Uingereza. Ilikuwa na herufi zaidi ya milioni 8.6 na jeni 7,825, na ndani yake mlikuwa na mitaa zaidi ya 20 ya jeni za kutengeneza kemikali za aina hii. Bakteria huyo alikuwa amechunguzwa maabarani kwa miongo kadhaa, na bado kemikali zake zilizofahamika zilikuwa chache tu. Nyingine zilikuwa zimeandikwa lakini hazisomwi. Jeni hizo huitwa bubu, na jitihada za kuzitamkisha zinaendelea katika maabara nyingi.

Asiyeuawa na sumu yake

Mtengenezaji wa sumu anaishije na sumu yake? Bakteria wa streptomisini anacho kimeng'enya kinachoibandika dawa kipande cha fosfeti na kuifanya butu ingali ndani ya seli. Fosfeti hiyo huondolewa wakati dawa inatoka. Bakteria wa erithromisini hutumia hila tofauti. Erithromisini huua kwa kuziba njia ndani ya ribosomu, yaani mtambo wa kuundia protini. Basi yeye huweka alama ndogo ya kikemia pahali pale pale ambapo dawa ingeshika, na dawa ikakosa mshiko.

Mwaka 1973 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba vimeng'enya vya namna hiyo katika bakteria wa udongoni vinafanana na vile vinavyowapa usugu bakteria wanaougua watu hospitalini. Jeni zinaweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata wasiokuwa wa ukoo mmoja. Wala usugu haukuanza na hospitali: mwaka 2011 jeni za usugu zilisomwa kutoka udongo wa Yukon, Kanada, uliokuwa umeganda kwa miaka 30,000. Kinachofanywa na binadamu ni kuzichagua na kuzistawisha.

Hapa suala linabisha hodi katika nyumba zetu. Katika miji ya Karatina, Othaya, Kerugoya na Chuka, duka la agroveti haliko mbali na lolote jingine. Mfugaji ambaye ng'ombe wake amevimba kiwele au anakohoa huingia, hueleza dalili, na hutoka na chupa. Mara nyingi chupa hiyo huwa na oksitetrasaiklini, dawa ya Streptomyces rimosus, iliyoingizwa sokoni mwaka 1950 kwa jina la Terramycin. Waliolibuni jina hilo walitia ndani yake neno la Kilatini lenye maana ya ardhi. Maagizo husema maziwa yasiuzwe kwa siku kadhaa baada ya sindano. Yeyote aliyekulia katika boma lenye ng'ombe mmoja na karo ya kulipa anajua jinsi siku hizo zinavyokuwa ndefu. Kiasi kidogo cha dawa kinachobaki kwenye maziwa, na kile kinachorudi udongoni kupitia samadi, hakitoshi kuwaua bakteria wote, lakini kinatosha kuwapa nafasi wale wenye jeni za usugu. Uchunguzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022 ulikadiria kwamba vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019 vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu, na kwamba mzigo ulikuwa mzito zaidi Afrika kusini mwa Sahara.

Kifua kikuu kinahitaji kutajwa kando, maana usugu wake huja kwa njia tofauti. Rifampisini, dawa yenye asili ya bakteria aliyepatikana mwaka 1957 katika udongo wa msitu wa misonobari kusini mwa Ufaransa, huzuia kimeng'enya kinachozinakili jeni. Majaribio yaliyofanywa katika hospitali za Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1970, na kuanza kuchapishwa mwaka 1972, yalichangia pakubwa kuthibitisha kwamba kwa kuchanganya dawa hii na nyingine tiba ingeweza kufupishwa hadi miezi 6, badala ya mwaka mmoja na nusu au zaidi. Dunia nzima iliufuata utaratibu huo. Bakteria wa kifua kikuu hakopi jeni kwa jirani. Herufi moja au mbili za jeni yake mwenyewe hubadilika, umbo la kimeng'enya likageuka kidogo, na rifampisini ikakosa pa kushika. Ndiyo maana mgonjwa husisitiziwa amalize vidonge vyote hata akijihisi amepona mwezi wa pili.

Bakteria wa Ruiru

Sasa turudi kwenye kahawa. Bakteria wetu ni wa jenasi ya Actinoplanes, binamu wa Streptomyces, naye alitambuliwa kwa alama SE50. Alihifadhiwa katika hazina ya vijidudu nchini Uholanzi kwa nambari 961.70, ambayo tarakimu zake za mwisho ni mwaka wa kuwekwa humo. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilikuwa ikipekua bakteria wa udongo ikitafuta kemikali za kuzuia vimeng'enya vya kumeng'enya wanga. Aliyefaulu zaidi alitoka Ruiru. Dawa yake iliitwa akabosi, na mwaka 1990 ikaanza kuuzwa Ujerumani kwa jina la Glucobay. Baadaye ilienea sana, hasa nchini China.

Akabosi si kiuavijasumu kwa maana ya kawaida, lakini inatengenezwa kwa mtindo uleule, na pengine kwa sababu ileile ya kugombea chakula. Tazama inavyofanya kazi mwilini. Ukila mukimo au ugali, wanga wake hukatwakatwa na vimeng'enya vya kongosho na vya ukuta wa utumbo mdogo hadi uwe glukosi, nayo huingia damuni. Kwa mwenye kisukari, mwinuko huo wa ghafla ni hatari. Akabosi ina umbo la kipande cha wanga, hivyo kimeng'enya huikumbatia kikidhani ni chakula. Ila pale panapotakiwa kukatwa, atomi ya naitrojeni imekaa mahali pa oksijeni, na kisu hakikati. Kimeng'enya hubaki kimeng'ang'ania kitu kisichomeng'enyeka, na glukosi huingia damuni polepole. Wanga ambao haukukatwa husonga hadi utumbo mpana, ambako bakteria huuchachusha na kutoa gesi. Wagonjwa wengi hulalamikia jambo hilo, na kwa jamii yenye mazoea ya githeri sidhani nahitaji kuendelea.

Utengenezaji wake huhusisha mtaa wa jeni 20 na ushei. Kazi huanza na sukari ya kaboni 7 ambayo seli huwa nayo kwa shughuli zake za kawaida. Kimeng'enya kiitwacho AcbC huifunga iwe pete. AcbM huibandika fosfeti, na mafundi wengine huigeuza hatua kwa hatua. Pembeni, glukosi ya kawaida huandaliwa na AcbA na AcbB, kisha AcbV huipachika naitrojeni, ile ile itakayokuja kukishinda kisu cha kimeng'enya utumboni. AcbI huishona sukari hiyo kwenye maltosi, na AcbS huikamilisha kazi kwa kuiunganisha na ile pete ya mwanzo. Hatua hizi mbili za mwisho zilikuja kuthibitishwa mwaka 2022, zaidi ya miaka 50 baada ya bakteria kuhifadhiwa. Kimeng'enya kingine, AcbK, huibandika akabosi fosfeti ndani ya seli na kuifanya butu. Hila ni ya ukoo mmoja na ile tuliyoiona kwa streptomisini.

Faida anayoipata bakteria mwenyewe inadhaniwa kuwa hii: akabosi huvifunga vimeng'enya vya majirani wasiweze kula wanga wa udongoni, wakati vimeng'enya vyake mwenyewe vya kukata wanga haviathiriki. Anakula peke yake mezani.

Mwaka 2021 ilichapishwa habari ambayo naiona kuwa ya ajabu kuliko zote. Bakteria wanaoishi katika vinywa na matumbo ya watu walikutwa na jeni za vimeng'enya vinavyoibandika akabosi fosfeti, kama afanyavyo AcbK. Dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mgonjwa inaweza kuharibiwa na wageni wa tumbo lake kabla haijafanya kazi.

Mwenye udongo

Mwaka 1970 hapakuwa na sheria ya kimataifa iliyomtaka mchukuaji wa udongo kuomba ruhusa ya nchi wala kugawana faida, na haki inatulazimu tuseme hivyo kabla ya kulaumu. Mkataba wa Bayoanuai, ambao matini yake ilikubaliwa hapa Nairobi mwezi Mei 1992, ndio ulioweka kanuni kwamba nchi ina mamlaka juu ya rasilimali zake za kijenetiki. Mkataba huo haurudi nyuma. Mwaka 1995 Bayer iliomba hataza juu ya jeni za kutengeneza akabosi, na mwaka 2006 ripoti ya taasisi moja ya Marekani iliyokusanya visa vya namna hii barani Afrika ilikitaja kisa cha Ruiru. Ripoti hiyo ilisema bakteria alitoka katika Ziwa Ruiru. Maandishi ya wanasayansi husema shamba la kahawa, na msafiri yeyote wa barabara ya Thika atakuambia kwamba hajaona ziwa. Kosa ni dogo, lakini linaonyesha jinsi pahali panavyogeuka jina tupu katika makaratasi ya watu wa mbali. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilikuwa limetangaza dai jingine, kuhusu vimeng'enya vya bakteria wa Ziwa Bogoria vilivyokuwa vikitumika katika sabuni na ufuaji wa nguo za jinzi.

Tangu hapo Kenya imejiwekea uzio. Kanuni za mwaka 2006 zinamtaka mtafiti kupata kibali na kukubaliana juu ya mgawanyo wa faida, Katiba ya mwaka 2010 inaiagiza serikali kulinda rasilimali za kijenetiki, na Itifaki ya Nagoya ilianza kutumika Oktoba 2014. Watafiti wetu nao wanachunguza bakteria wa humu nchini. Chuo kikuu kilichoko Juja, mwendo mfupi tu kutoka Ruiru, kimekuwa na kazi nyingi juu ya vijidudu vya maziwa ya magadi.

Tatizo ni kwamba mwizi, kama tutatumia neno hilo, hahitaji tena kubeba udongo. Jenomu kamili ya kizazi cha bakteria wa Ruiru ilichapishwa mwaka 2012, nayo ina herufi takriban milioni 9.2 na jeni zaidi ya 8,000. Imo katika hazina za data zilizo wazi kwa yeyote. Mtu aliyeko Shanghai au Boston anaweza kuisoma, akachagua jeni 20 anazozitaka, akaagiza ziundwe kikemia, akazipandikiza katika bakteria mwingine, bila kuigusa ardhi ya Kiambu wala kumwona mtu wa huko. Kilichokuwa udongo kimekuwa matini. Nani basi mwenye haki juu yake: aliyeimiliki ardhi, aliyeinakili, au aliyeifasiri? Maswali haya tumeyauliza kuhusu tenzi zilizochukuliwa pwani na kuwekwa katika maktaba za London na Hamburg, na hatujayamaliza.

Mkutano wa nchi wanachama wa Mkataba wa Bayoanuai uliofanyika Cali, Kolombia, mwaka 2024 ulikubaliana kuanzisha hazina ambayo kampuni zinazofaidika na taarifa za jenomu zinatarajiwa kuichangia asilimia 1 ya faida yao au asilimia 0.1 ya mapato yao, na angalau nusu ya fedha hizo kukusudiwa jamii za wenyeji. Hazina hiyo ilizinduliwa Februari 2025. Uchangiaji ni wa hiari.